Maji ya gesi yalivyomnusuru mavyaa wangu na mrija wa puani, ingawa yalihujumiwa nyumbani

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za mchana.

Mimi ni mke wa mtu, fundi wa cherehani, mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Kisa hiki ni cha kweli na sijakitia chumvi. Nyumbani kwetu chumvi yenyewe imekatazwa kwa sababu ya presha.

Presha hiyo ni ya mavyaa wangu, yaani mama mzaa mume. Mwaka jana ilimletea stroke. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito, na koo likasahau kazi yake. Ulimi ulirudi mapema sana, wakuu. Ingekuwa hiari yangu ningeomba koo litangulie, lakini sikuulizwa.

Shida ilikuwa maji. Wali laini anameza, ndizi anameza. Maji matupu anapaliwa mpaka machozi yanamtoka.

Wengi hatujui kwamba maji ndiyo mabaya. Yanakimbia kabla koo halijajifunga, yanaingia njia ya pumzi. Tayari yalishamlaza hospitali kwa kifua.

Tukapewa unga wa kuyafanya maji mazito. Mavyaa akayaonja, akaniuliza, "Mwanangu, haya mai yaugua nini?"

Tangu hapo nikimpa anangoja nigeuke, anayamimina kwenye chungu cha mrehani dirishani. Mrehani ukanawiri kweli kweli, huku mwenyewe midomo inapasuka kwa ukavu.

Daktari akasema wazi: asipokunywa vya kutosha, itabidi awekewe mrija wa puani. Mume wangu alitoka pale uso umemshuka. Mimi niliogopa zaidi, kwa kuwa namjua mamake. Mrija ule angeuchomoa siku hiyo hiyo, kisha agome kula kwa hasira.

Sasa pale hospitali kuna binti mtaalamu wa mambo ya kumeza. Akasema tujaribu maji ya gesi, yale yasiyo na sukari, yakiwa baridi. Ule mchomo wake unaliamsha koo, likajua kuna kitu kinakuja. Akaonya kuwa si kila mgonjwa yanamfaa, ndiyo maana lazima ampime kwanza mbele yake.

Mavyaa akakalishwa wima, kidevu chini kidogo, akapewa funda dogo.

Macho yakamtoka. "Yaning'ata!"

Akameza. Sote tunalitazama koo lake. Kikohozi hakikuja. Akapewa funda jingine, hakikuja. Nilitaka kupiga vigelegele, ila kulikuwa na wagonjwa wengine.

Basi balaa likahamia nyumbani. Maji yale kwetu yana sifa moja tu, kuchanganywa na pombe. Mavyaa alipoiona chupa mezani akasema, "Haya si ndiyo wanwao walevi?"

Mume wangu, ambaye ni karani huko Kilindini, akajibu haraka kwamba walevi huyatia kitu kingine, yenyewe hayana neno. Nikamuuliza yeye alijuaje. Akakumbuka ghafla kwamba anachelewa kazini.

Nikawa nanunua mtaa wa Bondeni ili majirani wasinione, nayabeba ndani ya buibui. Chupa zikawa zinagongana kila tuktuk ikiruka tuta. Dereva akazima redio asikie vizuri.

"Dada, mna sherehe?"

"Ni dawa ya mgonjwa."

"Ndivyo wasemavyo wote," akanijibu.

Lakini yalifanya kazi, wakuu! Mavyaa akanywa, midomo ikalainika, na matusi yakapata nguvu mpya.

Kisha kikohozi kikarudi. Ajabu ni kwamba asubuhi nikimpa mimi anameza safi. Mchana, nikishuka chini kushona na kumwacha na mdogo wake, Bi Zuhura, anapaliwa. Nikalaumu joto, nikalaumu friji, nikalaumu mto wa kiti. Mume wangu akaanza tena kuutaja mrija.

Siku moja nikapanda ghafla kuchukua mkasi. Nikamkuta Bi Zuhura jikoni na vikombe viwili, anayamimina maji ya gesi toka hiki hadi kile, kutoka juu, kama anayepoza chai ya mtoto. Povu lote limekwisha.

"Bi Zuhura, wafanyani?"

"Nayafisha."

"Nani kakwambia?"

Akaelekeza kidevu chumbani.

Hasira zilinipanda. Nikaingia kwa mavyaa na kumuuliza kwa adabu, ingawa sauti ilikuwa juu kuliko adabu yenyewe. Akaivuta leso, akajifunika miguu.

"Mwanangu," akasema mwisho, "gesi hii ikiingia tumboni haikai. Yatafuta ndia ya kutoka. Ikitoka, udhu wangu ndio huo wenda. Asubuhi sina wasiwasi, adhuhuri iko mbali. Lakini mtana swala zafuatana. Mkono huu hauwezi. Kila mara nikwite uache kazi zako unioshe miguu? Naona haya mie."

Jamani.

Mwanamke aliyezisema chapati zangu tangu niolewe alikuwa radhi apaliwe kuliko kuniita nimtawadhishe upya kila upepo ukimtoka. Nilicheka, nikalia, kisha tukacheka wote watatu hadi nikaogopa atapaliwa na mate.

Siku hizi maji ya gesi anakunywa akishamaliza kuswali. Swala ikikaribia nampelekea birika na beseni bila kungoja kuitwa. Udhu ulikuwapo au haukuwapo, hasemi, nami siulizi.

Jioni ya siku ile ya vikombe viwili alimaliza gilasi nzima, funda kwa funda, bila kukohoa hata kidogo. Kisha akapiga mbweu iliyosikika hadi barazani, akanitazama.

"Hiyo haitangui udhu. Nipa nyengine."

Tuliporudi kwa daktari, mrija haukutajwa tena.

Funzo nililopata: mgonjwa akikataa kitu, usikimbilie kumwita mkaidi. Muulize anaona haya ya nini. Na msikurupuke kununua chupa, mpelekeni mzee wenu apimwe kwanza.

Wenye wazee wanaopaliwa, niambieni nyinyi mnafanyaje, nasoma kila jibu. Na mnaotaka kucheka habari ya upepo, chekeni tu, mwenye udhu wake ametoa ruhusa.