Mguu wa Pamba na Jiwe la Kibirizi

Klachi ikiungua hutoa harufu ya nywele zilizoshika moto, na mimi siwezi kuinusa bila kukasirika. Nafundisha udereva Katubuka, hapa Kigoma, kwa hiyo naikuta harufu hiyo karibu kila wiki, na kila mara najikuta nimerudi Kibirizi, kando ya ziwa, nina miaka kumi na mmoja, likizo ya mwezi wa sita, dagaa wameanikwa mpaka ufuko mzima unameta, na gari jekundu linafuka moshi huku watu wazima wakicheka. Walicheka sana. Sura zao nilizikariri, na wale ninaokutana nao sokoni mpaka leo salamu yangu kwao ni fupi.

Baba yangu aliendesha pikapu ya kubeba dagaa kutoka Kibirizi kwenda Ujiji. Pikapu ilikuwa ya kaka yake, Baba Mkubwa Idi, aliyeishi Dar es Salaam. Ufukweni kabisa mchanga ulikuwa laini na gari lingezama, kwa hiyo mizigo ilipakiwa kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama juu. Hendibreki za magari yale zilikuwa za jina tu. Dereva wa kawaida akifika pale alipiga kelele, "Jiwe!" na kuli mmoja akakimbia kuweka jiwe nyuma ya tairi. Dereva aliyejiheshimu hakuomba jiwe. Alibalansi, yaani aliachia klachi kidogo na kutia mafuta kidogo mpaka gari likasimama lenyewe mlimani, haliendi mbele, halirudi nyuma. Leo mwanafunzi wangu akifanya hivyo kwa muda mrefu namfokea, maana inakula klachi, lakini pale Kibirizi hicho ndicho kilikuwa cheti cha udereva. Baba alikuwa bingwa. Kuli akija na gunia, baba alilisogeza gari kiganja kimoja kumfuata, kisha akalituliza tena, na injini haikubadili hata sauti. Makuli walimwita Mguu wa Pamba.

Siku za likizo alinichukua. Aliniambia nivue ndala, nikae ukingoni mwa kiti mbele yake, niweke mguu wangu wa kushoto juu ya wake. Hivyo ndivyo nilivyoijua klachi, kupitia mguu wa mtu mwingine. Pedali ya pikapu ile ilikuwa laini, na ilipoanza kushika ulihisi mtetemo mdogo unapanda kwenye unyayo, ukiongezeka taratibu, na kati ya kuanza kushika na kushika kabisa palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Baba aliishi ndani ya vidole vile vinne. "Umesikia hapo?" aliniuliza, nami nikajibu nimesikia, na nilikuwa sidanganyi. Sijawahi kuwa na furaha nyingine ya namna ile, na ndiyo maana sitaki kusikia mtu akiniambia nisamehe.

Mwaka ule Baba Mkubwa Idi alikuja na gari la michezo la milango miwili, jekundu, limelala chini kama mjusi, alilolisafirisha kwa behewa la mizigo mpaka stesheni ya Kigoma ili watu walione likishushwa. Alikuwa mtu wa kutabasamu upande mmoja. Kila aliyemwamkia alimweleza kwamba lile gari lilifungwa klachi ya mashindano, ile wanayotumia wakimbizaji magari, si takataka za pikapu. Alichokuja kukifanya tulikijua wote nyumbani: alitaka kumpa shemeji yake, kaka wa mkewe, ile pikapu. Ila baba alikuwa ameiendesha miaka tisa bila kuigonga popote, na bibi yetu, mama yao, alikuwa hai Ujiji, mwanamke wa kuuliza maswali. Baba Mkubwa alihitaji sababu. Jambo moja niliona kwa macho yangu, nikalipuuza kwa sababu nilikuwa mtoto. Mlango wetu Katubuka uko kwenye mteremko, na yeye hakuegesha pale hata siku moja. Aliliacha gari kule juu kwenye tambarare, mbele ya duka, akashuka kwa miguu na viatu vyake vyeupe. Nilidhani anaogopa vumbi.

Asubuhi ya Jumamosi alitukuta Kibirizi. Makuli walikuwepo, wachuuzi walikuwepo, na Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyekuwa mteja wetu mkubwa, alikuwa na chanja zake mbili za dagaa kando ya mteremko. Baba Mkubwa alilisimamisha gari lake juu kwenye tambarare, akashuka, akamrushia baba ufunguo.

"Nasikia wanakuita Mguu wa Pamba," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Haya, libalansi hili hapo mlimani nione. Ukiliweza, pikapu ni yako ya kuendesha mpaka uchoke. Ukishindwa, ufunguo nampa mwingine."

"Kaka, gari silijui," baba alisema.

"Klachi ni klachi. Au unataka jiwe?"

Makuli wakapiga miluzi. Baada ya neno hilo baba asingeweza kukataa, na kaka yake alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Baba aliingia, akalishusha gari hadi katikati ya mteremko, akaligeuza pua juu, akaachia klachi kama alivyoachia siku zote. Gari liliruka mara moja likazima. Akawasha, likaruka, likazima. Mara ya tatu alitia mafuta mengi, likanguruma, moshi ukatoka chini pamoja na ile harufu, kisha likazima na kurudi nyuma. Alipokanyaga breki zilikuwa ngumu, maana injini imezima, na gari lilikwisha kuivunja chanja moja ya Mama Furaha.

"Yooo, dagaa zangu!" alilia Mama Furaha, na watu wote wakaangua kicheko. Baba alishuka akaanza kuokota dagaa mchangani, mmoja mmoja. Baba Mkubwa alimwacha aokote kwanza. Ndipo aliponyoosha mkono kuomba ufunguo wa pikapu.

Baba hakupata gari jingine. Hadithi ilifika kila mahali kabla yake. Akawa kuli palepale Kibirizi. Yule shemeji hakujua kubalansi hata kidogo, kila siku alipiga kelele, "Jiwe!" na aliyeliweka mara nyingi alikuwa baba yangu. Hakulalamika. Alisema mguu ulimsaliti, akasema hivyo miaka yote, hata kwenye godoro la hospitali mwaka juzi, alipotuacha. Aliamini.

Miezi michache iliyopita Baba Mkubwa Idi alinipigia simu. Amerudi Kigoma kuzeekea, goti la kushoto limekufa, na lile gari jekundu amempata wa kulinunua. Aliomba nimwendeshee hadi kwa mnunuzi, Ujiji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaketi kwenye usukani. Nilipokanyaga klachi nilihisi nasukuma ukuta. Nikaiachia, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu gari zima likashika kwa mkupuo kama swichi ya taa. Vile vidole vinne vya baba havikuwemo. Haukuwemo hata upana wa ukucha. Klachi ile imetengenezwa ishike au iachie, katikati haina, na mguu wowote wa pamba ungeaibika humo.

Sikwenda Ujiji. Nilikwenda Kibirizi, nikalishusha gari mpaka katikati ya mteremko, nikaligeuza pua juu, nikakanyaga breki.

"Unataka nilibalansi hapa, Baba Mkubwa?"

Alicheka. "Hili halibalansiki, mwanangu. Hata mimi sijawahi. Ndiyo maana siegeshi mlimani."

Alilisema hivyohivyo, bila kushtuka, akitazama ziwa. Alikuwa ameisahau Jumamosi ile. Nilingoja akumbuke, na hakukumbuka. Sasa wanafunzi wangu karibu wote wanataka magari ya otomatiki, mguu wa kushoto wameukunja tu, na hakuna kuli anayejua tena kubalansi kulikuwa heshima ya mtu. Mimi najua. Nilizima injini, nikavuta hendibreki, nikafungua dirisha nikapiga kelele, "Jiwe!" Kijana mmoja akaliweka. Nilimwekea Baba Mkubwa ufunguo mapajani, karibu na lile goti, nikapanda mteremko kwa miguu, naye akiniita kwa jina la baba yangu.