Gari Lililolala Mahali pa Ng'ombe

Wajukuu zangu wa Kashai wananiambia siku hizi kuna watu wanaweka akiba kwenye magari ya zamani, yale ya kabla ya vita. Wananieleza kana kwamba ni habari mpya. Nawaambia kaeni chini. Baba yangu aliifanya biashara hiyo Izigo wakati wa Mwingereza, na nusura mama amfukuze nyumbani.

Vita vilikuwa vimekwisha na bei ya kahawa imepanda. Mama alikuwa na hamu moja tu, kibanja cha jirani, shamba lake la migomba na kahawa. Mzee yule alikuwa amefiwa na mke, anataka kuhamia kwa mwanawe Buganda, na migomba yake iligusana na yetu. Sisi tulikuwa wengi na kibanja chetu kidogo. Bila cha pili, kaka zangu wangegawana nini? Kivuli?

Pesa ya misimu kadhaa baba, tata kama tulivyomwita, aliifunga kwenye kitambaa. Kabla ya kumlipa jirani akapita Nshamba kununua chumvi. Huko akakuta mkulima wa Kizungu anauza vitu vyake arudi Ulaya. Tata akarudi jioni bila chumvi, gari linavutwa na lori nyuma yake, na vijana wanasukuma kwa kelele.

Lilikuwa jeusi. Taa zake zilitokeza kama macho ya chura, na magurudumu yalikuwa na njiti kama ya baiskeli.

"Hiki ni nini?" mama akauliza.

"Kibanja."

"Kibanja kina magurudumu?"

"Sikiliza, mama watoto. Gari hili halitengenezwi tena. Ng'ombe akizeeka bei yake inashuka. Hili likizeeka, bei inapanda."

"Na wewe ukizeeka?"

Kuendesha tata hakujua, na sijui kama alitaka kujua. Jirani, kwa huruma, akasema atangoja mpaka mchumo ujao wa kahawa, basi. Baada ya hapo atamuuzia mwingine.

Sasa, tata aliogopa jicho la watu kuliko alivyoogopa chui. Upande mmoja wa nyumba yetu walilala ng'ombe, kama ilivyokuwa kwa Wahaya wengi. Akawatoa, akawajengea kibanda cha migomba nje, akabomoa ukuta, gari likaingia ndani. Akalitandikia nyasi mpya chini, zile tunazomtandikia mgeni wa heshima, na mlangoni akaweka kizuizi cha matete. Nililala ng'ambo ya ukuta mfupi. Ng'ombe hupumua usiku, ukasikia uko na wenzako. Gari halipumui. Linanuka tu mafuta.

Kijiji kikapata la kusema. Mama akienda kisimani anaulizwa, "Limeshazaa?" Mwingine anadakia, "Mkikamua, mtuletee!" Mvua ikinyesha mama anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, tata asikie, "Ng'ombe wanalowa, chuma kinaota moto."

Akaja mfanyabiashara kutoka Bukoba mjini. Akalizunguka gari, akataja bei ya kuchekesha. Alitaka kulikata nyuma apakie magunia.

"Utamkata binti yangu?" tata akasema. "Toka."

Mama alimsindikiza yule bwana kwa macho mpaka barabarani. Kisha akamgeukia mumewe. "Kahawa inaiva. Kibanja kikienda, utalala humo humo garini. Chakula nitakuletea dirishani."

Yule mfanyabiashara alitutangaza kila alikopita, kwamba Izigo kuna mjinga anafuga gari. Alidhani anatutukana. Habari zikavuka mpaka Uganda, na siku moja kahawa ikiwa imeanikwa uani, akatokea Mzungu mwenye mvi na dereva wake Mganda. Wanataka kuliona.

Haraka ya nini? Tata aliwakalisha kwanza, akawapa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mzungu akazimeza mbegu kama dawa. Ndipo tata akasema, "Binti yangu yuko ndani. Kwetu anayetaka binti haji mikono mitupu, wala hasemi mwenyewe."

Dereva akacheka mpaka akashika mbavu. Alielewa mara moja. Akakimbia kwa jirani, akarudi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jirani mwenyewe akamfuata nyuma kuona pombe yake inakwenda kwa nani.

Matete yakaondolewa. Mzungu akaingia. Alishika viti vya ngozi, akainama akanusa. Kisha akazungumza, na dereva akatufasiria, "Anasema ameona ndugu zake wachache. Wote wameachwa nje, viti vimeliwa na jua, wengine wamepakwa rangi ya milango. Huyu hajaguswa. Anauliza nani alikufundisha kulitunza hivi."

"Majirani," tata akasema. "Wana macho mabaya."

Bei ya kwanza, tata akarudisha matete. "Binti amelala." Ya pili, akasema binti anaumwa kichwa. Ya tatu ilikuwa kubwa hata jirani akashusha pumzi, lakini tata alikuwa ameshanogewa, anatazama dari. Mzungu akachukua kofia yake.

Kwetu baba akishaonja rubisi ya posa, binti ameolewa. Mama akatoka jikoni na majivu mkononi. Alichukua kibuyu, akamtia tata mrija mdomoni mbele ya wageni.

"Kunywa."

Tata alimtazama mama, akamtazama jirani. Akanywa.

Siku hiyo hiyo kibanja kikawa chetu, na mpaka leo migomba yake inalisha ukoo. Gari lilipoondoka tata alilia kama mzazi wa bibi harusi. Mama hakungoja hata vumbi litue. Alikuwa ameshashika fimbo, anaingiza ng'ombe ndani.

Wajukuu, nunueni hayo magari. Tata hakukosea. Ila gari halina bei mpaka aje anayelitaka, na siku akija, awepo wa kukutia mrija mdomoni. Maana msimu uliofuata tata alirudi kutoka Muleba macho yanang'aa.

"Mama watoto, nimeona jingine. Jekundu."

Mama akamwonyesha wale ng'ombe kwa kidole, wamelala wote, wanacheua.

"Waombe wao nafasi."