Sindano za Dada Kwenye Friji ya Uthiru

Nilipofukuzwa kwenye chumba changu cha kukodi, nilihamia kwa dada yangu, mtaa wa Kabiria, kwa siku chache zilizogeuka kuwa miezi. Sikuwa na kazi, nilikuwa na miguu tu, kwa hiyo akanipa kazi ya miguu: kila alasiri nitembee hadi Uthiru kwa mama mkwe wake, nichukue sindano ya homoni, nimletee ndani ya thamosi ya chai yenye barafu. Dada alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka mingi, na sasa daktari alikuwa anamkuzia mayai ili ayatoe, ayarutubishe nje, kisha amrudishie. Friji hakuwa nayo. Mama mkwe alikuwa nayo, ya kufungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso.

Sikuziamini zile sindano. Ovari iliyozoea kukomaza yai moja kwa mwezi sasa iliambiwa ikomaze mengi kwa pamoja. Nguvu hizo zilitoka wapi? Njiani nilikuwa nafungua thamosi na kukichungulia kile kichupa, kama vile kingenijibu.

Kumbe mwenye shaka sikuwa peke yangu. Siku moja mama mkwe alinipa sindano ya jioni hiyo, kisha akafunga friji na kuiegemea.

"Wewe, hii dawa inabadilisha damu?"

"Sijui, mama."

"Msichana wa kwanza atakuwa na jina langu. Kwetu mtoto anayepewa jina lako ni wewe umerudi. Sasa kama wanachezea mambo ya ndani, atakayerudi ni nani?" Alinitazama. "Kabla sijakupa ya kesho, niletee jibu kwanza."

Nesi alikuwa ametuonya kwamba jioni moja ikipita bila sindano, kazi yote inaweza kuharibika. Nilipomwambia dada, alikaa kitandani akihesabu kwa vidole jioni zilizobaki. Kesho yake asubuhi alikuwa na miadi ya kliniki mjini, nami nikamfuata.

"Usianze maswali yako," alinionya kwenye ngazi. "Nitakumaliza."

Daktari alipima tumbo, akaridhika. Halafu, kwa sauti laini mno, akaomba ruhusa: siku ya kutoa mayai, zile seli ndogo zinazolizunguka yai na kulilisha hutupwa, je, angeweza kuzihifadhi, wenzake ng'ambo wakazichunguze? Masikio yangu yalisimama.

"Wanatafuta nini huko?"

Dada alinifinya.

"Wanataka kuona jeni zipi zilikuwa kazini," alisema daktari. "Kila seli ina jeni zote, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Homoni huziamsha nyingine na kuzituliza nyingine."

"Kwa hiyo sindano inabadilisha jeni."

"Hapana. Fikiria jikoni siku ya harusi. Mapishi ni yaleyale, ila sufuria nyingi ziko motoni."

"Na chakula kikiungua? Yai linalolishwa na jiko hilo linajua?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hilo ndilo tunalolitafuta. Bado hatujui yote."

Dada akasema seli zake zisiende popote kwanza. Daktari akakubali bila kununa, jambo ambalo nalo nililitilia shaka.

Njia nzima ya kwenda Uthiru nilijipangia uongo mzuri. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya friji, na macho yale hayadanganyiki. Nikamwambia yote, harusi, sufuria, hadi lile neno la mwisho.

"Daktari mwenyewe alisema hajui?"

"Alisema bado hawajui yote."

"Na mapishi hayabadiliki?"

"Hayabadiliki."

Aliinuka kwenye stuli. "Angejifanya anajua kila kitu, ningemwaga hizi dawa kwa sinki." Akafungua pindo la leso, akafungua friji, akatia kichupa kwenye thamosi. Nilinyoosha mkono. Akaikumbatia thamosi.

"Wewe? Hata shule ilikushinda. Twende."

Alitembea mbele yangu hadi Kabiria, mtu wa magoti mabovu, bila kupumzika. Dada alipotuona wawili mlangoni, alishika ukuta. Mama mkwe alimtazama akipandisha blauzi, akaitazama sindano ikiingia, akainama kuhakikisha hakuna tone lililobaki.

"Imeuma?"

"Kidogo tu, mum."

"Kesho nitaileta mwenyewe," alisema, akifunga thamosi. "Na siku ya kutoa hayo mayai nitakuwa hapo mlangoni. Niyaone yakitoka, niyaone yakirudi."

Hilo la kuyalinda mayai mlangoni, mimi nilikuwa nimelipanga pia.