Kaka Yangu na Picha za Namba

Kaka yangu ni mkuu wa takwimu idara ya maji, na kitu anachokipenda kuliko mkewe ni muhuri. Alianza akiwa karani wa masjala, akapanda cheo kwa kutokosea pambizo, na hadi leo karatasi isiyo na muhuri anaishika kwa ncha za vidole.

Serikali ilipoagiza vipimo vya usafi wa maji ya visima viwekwe wazi mtandaoni, vijana wake walikuwa navyo tayari kwenye jedwali la kompyuta. Kubonyeza tu, kazi kwisha. Kaka akakataa katakata. Akaamuru jedwali lichapwe, kila ukurasa ugongwe muhuri, upitishwe kwenye skana, kisha zote zipandishwe kwenye tovuti kama PDF. Yaani namba zikageuzwa picha, halafu bwana mkubwa akapigiwa makofi kwa uwazi.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Nilimfuata ofisini, nikamweleza kwamba tuna mfumo wa kuwatumia watu ujumbe wa simu kisima chao kikichafuka, lakini mfumo huo hausomi picha.

"Kaka, tupe CSV basi. Faili la maandishi matupu, mistari na koma. Kompyuta yoyote inalifungua."

"Mistari na koma?" Alinitazama kama nimemwomba atembee uchi. "Mdogo wangu, mtu akibadilisha namba je? Nembo iko wapi?"

"Nembo hainywewi, kaka."

"Wewe dunga sindano. Mambo ya ofisi niachie mwenyewe."

Basi pale zahanati tukawa tunazinakili namba hizo kwa mkono, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilimchukia kwa hilo, sifichi. Hatujafika hata nusu, mama yetu akaletwa zahanati anaharisha, macho yameingia ndani.

Kaka alikuja mbio, tai imepinda. Akafungua faili lake kwenye simu, akaandika jina la kisima cha mama kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna kilichopatikana. Akaandika tena, polepole, kana kwamba simu ndiyo kiziwi. Hakuna. Akaanza kupekua ukurasa mmoja mmoja, anakuza picha, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa narekebisha dripu, sikumsaidia.

Mama akafumbua macho. "Mwanangu, majirani wana watoto, na wanachota palepale. Wanywe au wasinywe?"

"Subiri kidogo, mama," akasema mkuu wa takwimu. "Natafuta ukurasa."