Fisi Maji wa Bonde Letu

Wiki ile nilikuwa nafundisha platipasi, mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata, anayetaga mayai na bado ananyonyesha. Darasa zima lilicheka. Nilipowaambia kwamba mito inamkaukia na yuko karibu kuingia hatarini, wakauliza: na sisi tuna nani wa namna hiyo? Nikawatajia fisi maji, yule mnyama wa manyoya anayeogelea na kuwinda samaki, wa kijito chetu, chini ya mashamba ya kabichi huku Magamba. Sikuwa nimeona mwingine miaka mingi, na huyo nilimpenda kwa wivu.

Balaa lilikuwa jina. Kwetu ukitamka fisi, watu wanawaza uchawi kabla hujafika kwenye maji. Na huyu alikuwa anakula perege wa bwawa la baba mkubwa, kaka yake baba. Nikamwendea.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya yule mchawi?"

"Si mchawi, ni mnyama tu. Wataalamu wanasema yuko karibu kuwa hatarini."

"Hata wataalamu?"

"Ndiyo. Tusipofanya kitu mapema tutajuta."

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema, akanishika mkono. Nilirudi nyumbani roho imetulia.

Kesho yake asubuhi akatuma niitwe. Fisi maji alikuwa amelazwa kwenye majani kando ya bwawa, waya shingoni, manyoya bado yamelowa.

"Hatari yenu hiyo," akasema kwa furaha. "Nimeimaliza."

Nilitaka kumfokea mpaka bonde lisikie, lakini mkubwa hafokewi, nikameza hasira ikaniunguza. Kiswahili nacho nilikichukia siku ile: mimi nilisema hatarini, yeye akasikia hatari, tofauti herufi mbili tu. Nikainama nimguse. Chuchu zilikuwa zimevimba, na maziwa yakanilowesha vidole.

Nilishuka kijitoni mbio. Chini ya mizizi ya mti wa ng'ambo ya kijito kulikuwa na vilio vyembamba. Nikaingia majini nikachimba kwa mikono, kisha kwa jembe nililolichukua shambani, jiwe likanikatalia. Baba mkubwa akaja akasimama ukingoni nyuma yangu.

"Ni nini hicho kinacholia?"

"Watoto wake."

Akavua kofia, akaingia majini na kanzu yake, akaninyang'anya jembe. Tukapokezana hadi alasiri, huku vilio vikipungua, na mwisho kikabaki kimoja.

Kilipokoma nilikaa chini. Yeye aliendelea kuchimba.