Karani wa Marehemu

Jioni ile hakuna aliyekula. Baba watoto alikaa dirishani akijifanya anatengeneza redio, nami nikazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu ya mchumba wa binti yetu ilikuwa haipatikani tangu alasiri, na binti mwenyewe alikuwa amejifungia chumbani. Tulingoja kujua jambo moja tu: uchumba bado upo, au ndiyo basi?

Majirani humwita binti yetu Karani wa Marehemu. Ni mtoto mpole, lakini akishika kalamu hasikii la mtu. Hospitali ndiyo iliyomwajiri. Siku ya kwanza alinieleza kazi yake.

"Mama, hospitali inajua kilichowaua waliofia wodini tu. Ukiwafuata hao peke yao, utadhani mji mzima unauawa na ajali na uzazi. Wenye pumu na homa wanakata roho majumbani. Nani anawahesabu?"

Nikafikiri. "Kwa hiyo wote mliowaandika mpaka sasa walifia hospitali?"

"Wote."

"Basi mimi hapo sikanyagi."

"Mama!"

Hupita nyumba kwa nyumba akiwauliza wafiwa: alikohoa? Alivimba? Na waliofia wodini bila sababu kujulikana, nao huulizwa habari zao makwao. Mshonaji jirani yetu akiuona mkoba wake wa fomu hupiga kelele tangu mbali: "Pita, mwanangu, pita! Hapa wote wazima!"

Mchana wa siku ile ya kungoja, alikuwa ametumwa kwa familia ya mzee aliyesemekana kufia wodini. Mlango ukafunguliwa na mzee wa makamo, kavaa kanzu ya kulalia.

"Poleni na msiba, baba."

Mzee akashangaa, lakini adabu ni adabu. "Tumeshapoa. Karibu."

Binti akakaa, akataja jina la marehemu. "Mlikuwa na ukaribu naye?"

Mzee akakuna kidevu. Macho yakaanza kumcheka. "Ukaribu mkubwa. Tulilala kitanda kimoja."

Binti akaandika.

"Alikohoa?"

"Usiku kucha, maskini."

"Alikunywa pombe?"

Mzee akatupia jicho mlango wa jikoni. "Hata tone."

"Mwongo!" mkewe akafoka kutoka jikoni. "Andika alikunywa! Na sigara, andika!"

"Na siku ya mwisho wodini ilikuwaje?"

"Alionyeshwa sindano, binti yangu. Ndefu namna hii! Baada ya hapo hawakumwona tena."

Hapo akaingia kijana. "Baba, dawa yako..." Alikuwa mchumba wa binti. Binti hakuwa amewahi kufika kwao, na baba mkwe alimsikia akiitwa Mzee tu. Akamtazama kijana, akamtazama marehemu, akatimua mbio, kalamu akaiacha mezani.

Huko hospitali ndiko alikoambiwa ukweli. Mzee alitorokea mlango wa nyuma, tena mtu wa adabu, alitandika kitanda kwanza. Muuguzi wa zamu alikuta kitanda kitupu, na ruhusa ya kutoka haikutolewa. Kwao hilo lina maana moja tu.

Sasa, jioni ile tukingoja, hodi ikabishwa.

"Nani?" baba watoto akauliza kwa sauti nyembamba.

"Marehemu."

Redio ikaanguka. Nikafungua. Walisimama watatu: mzee, mkewe, na kijana mwenye simu iliyokwisha chaji.

"Mkwe wangu yuko wapi? Kasahau kalamu."

"Baba, tusamehe," nikasema. "Umekasirika?"

"Nikasirike? Tangu nioe hakuna aliyenisikiliza hivyo! Huyu mke wangu hajawahi hata kuniuliza kama nakohoa."

"Nikuulize nini, na nakusikia?" mkewe akajibu.

Nikagonga mlango wa chumbani. Nikabembeleza, wapi! Mzee akanisogeza pembeni, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mwanangu, swali la mwisho hukuniuliza. Nilifia wapi? Mimi nataka niandikwe nimefia nyumbani kwangu, si kule kwenye sindano."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha pua.

"Kama ni nyumbani, baba," binti akasema huku akipenga kamasi, "itabidi tuanze maswali upya."

"Haya, anza na kikohozi," mzee akasema, akamnyooshea kalamu.

Mlango ukafunguka wote.