Nusu Aliyoiimba Genival

Muulize mtu yeyote wa mji wetu wa Pedra do Umbu Genival alikuwa nani, atakujibu kwamba alikuwa mshairi aliyemfukuza mchawi mjini. Atakujibu kwa fahari, huku akikata kipande cha sukari guru akupe na wewe. Katika jibu lake hilo, neno la kweli ni moja tu, mshairi. Mengine yote ni upuuzi, nami nimechoka kuusikia.

Baba yake, Anísio, aliuza dawa ya nyoka, iliyodaiwa kutibu kila ugonjwa, kwenye gulio la Jumamosi. Alisimama juu ya sanduku, chupa mkononi, akamwita mzee mmoja mbele ya watu. "Ulikunywa?" "Nilikunywa." "Magoti yakapona?" "Yakapona." Watu wakanunua. Waliokunywa wakafa hawakuitwa, maana maiti haji gulioni kutoa ushahidi. Jioni Anísio alikuwa akimwambia mwanawe, "Mpe mtu nusu ya sababu, nusu nyingine atajijazia mwenyewe. Na hiyo aliyojijazia mwenyewe hutamtoa nayo mpaka kaburini."

Genival aliichukia kazi ile, lakini somo lilimwingia. Alikua na pua ya kunusa hoja mbovu kama wengine wanavyonusa maziwa yaliyochacha. Hata nyumbani hakupumzika. Mkewe, Lindaura, akisema, "Niliota nyoka juzi, jana punda wetu kafa," yeye aliuliza, "Na ulipoota nyoka mwaka jana, alikufa nani?" Lindaura aliwaambia majirani kwamba anayeolewa na mshairi aandae masikio, lakini anayeolewa na huyu wake aandae na mashahidi.

Kazi aliyoichagua ni ya vijitabu. Kwetu mshairi hutunga kisa kwa beti, hukichapa kwenye karatasi ya bei rahisi, huchonga picha ya jalada kwenye kipande cha ubao, kisha siku ya gulio hutundika vijitabu kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Halafu huimba. Huimba mpaka katikati, pale kisa kinapochemka, hapo hufunga kijitabu na kusema, "Anayetaka kujua kilichofuata, anunue." Ndivyo walivyofanya washairi wote kabla yake, na hakuna aliyewalaumu. Mshairi anayeimba mpaka mwisho atalala njaa.

Ukaja mwaka wa ukame ule mkubwa. Bwawa likashuka mpaka likabaki tope, watu na ng'ombe wakichota mahali pamoja, na watoto wakaanza kuharisha na kufa. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, alikuwa amehamia Damiana, mfinyanzi kutoka ng'ambo ya mto, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alijenga kibanda upande wa juu wa bwawa kwenye udongo mzuri, akafinyanga mitungi ya maji ambayo mji mzima uliinunua kwa sababu ilipoza maji. Genival na Lindaura walimpenda, wakamfanya mama wa ubatizo wa binti yao Ivonete. Tangu hapo yeye na Genival waliitana komadre na kompadre, kama waitanavyo mzazi na msimamizi wa ubatizo, na kwetu hilo si jina la mzaha. Ukimtupa komadre wako umemtupa ndugu yako.

Aliyekosa raha ni Eurico mwenye duka. Eurico alikuwa ameleta ndoo za bati kutoka pwani, shehena nzima, na ni wachache mno waliozitaka. Basi akaandika karatasi, akaibandika mlangoni pa duka lake, na kila aliyejua kusoma akawasomea wasiojua. Iliandikwa vizuri, siwezi kumnyima hilo. Ilisema: kabla ya mwanamke huyu watoto hawakufa hivi, amekuja wanakufa. Ilisema: kama hana la kuficha, mbona hatumwoni misani? Ilisema: mji mzima unasema, je, mji mzima ni mwongo? Na mwisho: anayemtetea ana lake naye.

Watu walitikisa vichwa. "Lisemwalo lipo," walisema, na methali hiyo, nakuapia, imeua watu wengi kuliko njaa.

Genival aliisoma karatasi ile mara moja, akacheka kwa hasira. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Dawa ya nyoka ya marehemu baba, chupa mpya."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamjibu. Mtoto wa karani wa posta alikunywa maji ya ndoo ya bati ya Eurico mwenyewe, kafa vilevile. Damiana haendi misani kwa sababu Jumapili ndiyo siku anayochoma vyungu, kila mtu anauona moshi wake. Hoja zote nne nitazivunja moja moja."

"Basi nenda kawaambie."

"Nani anasikiliza mtu anayesema tu, Lindaura? Nitawaimbia."

Akaketi kutunga. Kisa chake kilikuwa hivi: Shetani anakuja gulioni amevaa suti, anawashawishi watu wamfukuze mfinyanzi. Hoja za Eurico zote akazitia kinywani mwa Shetani, ili watu wazione zilivyo. Kisha anasimama mama mmoja muuza kuku, anamjibu Shetani hoja kwa hoja, mpaka Shetani anayeyuka ndani ya suti yake na kubaki viatu vitupu. Nusu ya kwanza ya Shetani, nusu ya pili ya muuza kuku. Kwenye ubao akachonga mwanamke mwenye mtungi kichwani, na nyuma yake Shetani akinong'ona.

Lindaura aliposomewa aliendelea kupepeta unga wa muhogo. "Mume wangu, Shetani umempa beti tamu kuliko muuza kuku."

"Lazima awe mtamu. Uongo usipokuwa mtamu nani ataumeza?"

"Na picha hii, kwa asiyejua kusoma, inasema nini?"

"Inasema Shetani anamsingizia."

"Mimi naona mwanamke anayetembea na Shetani," alisema Lindaura. "Nawe gulioni utakatisha wapi?"

"Mahali pale pale pa siku zote. Shetani akishamaliza."

Lindaura aliweka ungo chini. Alimwambia safari hii aimbe mpaka mwisho, hata wasiponunua. Genival akamjibu kwamba Shetani akishamaliza kusema, kila mtu atataka kujua jibu, na mtu anayetaka jibu hununua. Kwa pua yake yote ile, hakunusa kwamba hiyo nayo ni hoja mbovu. Alidhani watu wakisikia swali watatafuta jibu, kumbe swali lenyewe walilichukua kuwa ndilo jibu.

Jumamosi ile gulio lilijaa watu wenye mifuko mitupu. Walikuwa wamekuja kuuza mbuzi waliokonda na hakukuwa na mnunuzi. Walijikusanya kwa Genival kwa sababu kusikiliza hakutozwi kitu. Damiana alikuwa pale upande wa pili, ameketi kati ya mitungi yake, na alimwinulia Genival mkono. Alijua kompadre wake ameandika kitu cha kumtetea, Lindaura alikuwa amemdokezea. Alikuja amevaa gauni lake la bluu, lile la siku ya ubatizo.

Genival akapanda sandukuni, lile lile la baba yake. Sauti yake siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na huo ndio msiba.

*Kabla hajaja mjini, nani alizika mwana?*
*Kaja na chungu kichwani, makaburi yabanana!*
*Anaficha kitu gani, misa mbona aikana?*
*Mji mzima sokoni, je, wote wadanganyana?*

Watu walianza kuitikia. Mstari wa pili waliurudia bila kuombwa, wanawake wakipiga makofi. Genival aliona wameshika, moyo wake wa mshairi ukavimba, naye akauimba ubeti huo tena. Alipofika mwisho wa hotuba ya Shetani alifunga kijitabu kama kawaida. "Muuza kuku anasimama, anamtazama Shetani machoni. Anamwambia nini? Anayetaka kujua, anunue."

Wachache walinunua. Wengine walikuwa wamekwisha kujua.

"Hata Genival kasema," alisema fundi viatu mmoja, mtu mpole ambaye sijamsikia akigombana maishani mwake.

"Na yule ni kompadre wake," alisema mwingine. "Kama kompadre wake kasema, mimi ni nani?"

Genival alisikia, akaruka chini. "Nani kasema? Ni Shetani anayesema. Ngojeni nimalize."

"Umemaliza vizuri kabisa, mshairi," alisema yule wa pili, akimpigapiga begani. "Na umetunga kisanii. Tumekuelewa."

Mtungi wa kwanza ulivunjwa na mama aliyezika watoto wawili mwezi ule. Hakupiga kelele, aliuinua akauachia uanguke juu ya mawe. Baada yake ilikuwa vurugu. Waliimba wakivunja. Maneno yalikuwa ya Genival, mizani ya Genival, na kila mpasuko uliangukia mwisho wa kipande kana kwamba wamefanya mazoezi. Yeye aliparamia mbele yao akiwasihi, akaimba nusu ya pili kwa sauti iliyomkauka, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu wimbo ule haukuwa na kiitikio walichokijua. Eurico alisimama mlangoni pa duka lake, mikono mfukoni. Hakuhitaji kuinua hata jiwe.

Damiana hakupigwa. Naliandika hilo kwa sababu watu wetu hupenda kujisifu kwamba hawakumgusa.

Alasiri Genival alimkuta kibandani akifunga nguo kwenye shuka. Tanuri lilikuwa limepoa. Alisimama mlangoni.

"Ingia, kompadre," alisema Damiana. "Kiti kimoja kimebaki."

"Komadre, ile haikuwa..."

"Najua. Lindaura aliniambia ilikuwa ya kunitetea. Nilisimama pale nikasubiri utetezi." Alifunga fundo la shuka kwa meno. "Ukafunga kitabu. Mimi sijui kusoma, na sikuwa nimeuza hata kikombe nikanunue. Mwisho wake ulikuwaje?"

Basi akamwimbia. Mle kibandani, mbele ya mtu mmoja, alimwimbia beti zote za muuza kuku: ya mtoto wa karani, ya moshi wa Jumapili, ya mji mzima uliowahi kusema kwamba treni haitafika na treni ikafika. Kisha akafika hapa:

*Jogoo anapowika, jua hutoka upesi;*
*Siku akishachinjika, tubaki gizani basi?*

Damiana alicheka kidogo hapo. Alikuwa na kicheko kizuri, na hatukukisikia tena.

"Hiyo ya jogoo ni nzuri," alisema. "Hata mtoto anaelewa."

"Nitaiimba Jumamosi ijayo. Nitaanza na hiyo. Bure. Ngoja Jumamosi moja tu, komadre."

"Leo walivunja mitungi, kompadre. Jumamosi ijayo hakuna mitungi. Watavunja nini?" Alijitwika mzigo kichwani. "Mwambie Ivonete mama yake wa ubatizo amemwachia kikombe. Kiko kwa Lindaura, kile chenye sikio."

Akashuka njia ya mtoni. Aliyemwona toka mbali aliona mwanamke mwenye mzigo kichwani, vilevile kama kwenye jalada.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Bwawa likajaa, tope likatulia, watoto wakaacha kufa. Unadhani watu walisema nini? Walisema, kaondoka, na angalia. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua, na ikiyapata hujisifu yenyewe. Walimletea Genival jibini na nyama kavu. Mama wa wale watoto wawili alimbusu mkono. Alijaribu kuwaeleza kwamba mvua ndiyo iliyonyesha, wakacheka wakasema mshairi mkubwa hana majivuno. Eurico akalipia vijitabu vingine vichapwe pwani kwa jina la Genival, vyembamba zaidi, vyenye hotuba ya Shetani peke yake. Vilikwenda mbali, mpaka magulio ambayo Genival hajawahi kufika.

Alivuka mto kumtafuta Damiana zaidi ya mara moja. Kijiji cha kwanza hawakumjua. Cha pili walimjua, wakasema hawakumruhusu kulala. Walikuwa wamesikia wimbo.

Tangu hapo Genival aliimba visa kuanzia mwisho. Alipanda sandukuni, akaimba jibu kwanza, kisha swali, bila kufunga kitabu, na watu walimpita kwenda kwa mshairi mwingine. "Genival kazeeka," walisema, naye hakuwa na hata mvi. Lindaura alishona nguo za watu wakala. Hakumlaumu hata siku moja. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Nilimwona mwisho akiwa mzee, ameketi barazani na kikombe chenye sikio, akinywa kahawa. Mjukuu wake, binti wa Ivonete, alikuwa uani akiruka kamba na wenzake. *Kaja na chungu kichwani, makaburi yabanana*, kamba ikipiga vumbi kila kipande kilipoisha.

"Jucélia," aliita. "Njoo nikufundishe mwisho wa wimbo huo."

Mtoto alikuja, akasimama kwa adabu, mikono nyuma. Mzee akamwimbia ya jogoo. Sauti haikuwa nyingi lakini mizani ilikuwa kamili. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso akifikiri.

"Babu, huo si mwisho wake," alisema. "Wimbo wote tunaujua. Hata mwalimu anaujua." Akarudi kwenye kamba yake.